Rada ya Angani na Daftari la Shangazi

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa. Ufa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, ukapita katikati ya mashamba, na kuna watu waliofungasha vyao wakahama. Hapa Nairobi habari ilifika ikiwa imeshanenepa: Afrika inagawanyika vipande viwili. Muda si mrefu wanajiolojia wakaanza kueleza jambo tofauti. Eneo lile lina nyufa za kale zilizojaa majivu laini ya volkano. Maji ya mvua yakipita chini kwa chini huyasomba majivu hayo, na udongo wa juu ukikosa wa kuushikilia, huporomoka. Bonde la Ufa linapanuka, ndiyo, lakini kwa milimita chache kwa mwaka.

Ubishi wa bara kugawanyika ulipoa. Kilichonibaki moyoni ni mwenye shamba. Yeye alikuwa na swali dogo na la maana zaidi: ardhi ya upande huu wa nyumba yangu inashuka au haishuki, na kama inashuka, ni kwa kiasi gani? Swali hilo lina kipimo chake. Kwa zaidi ya miaka thelathini setilaiti zenye rada zimekuwa zikipima kupanda na kushuka kwa ardhi kwa usahihi wa sentimita, na mahali pazuri hata milimita. Kazi yangu hapa mjini ni ya ramani, na hakuna sehemu ya kazi hii ninayoipenda kama rada. Ndiyo maana inaniuma kwamba inapata taabu kubwa zaidi shambani, palepale tunapoihitaji.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi. Setilaiti za Sentinel-1, za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, huzunguka kilomita 693 juu yetu. Hazisubiri mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake zenyewe, zikiyaelekeza chini kwa mshazari, kisha hupokea yanayorudi. Giza na mawingu havizizuii, na kwa nchi inayokaa chini ya mawingu masika yote na vuli, hiyo ni faida kubwa. Wimbi moja lina urefu wa takribani sentimita 5.6. Likirudi, chombo hurekodi nguvu yake, na pia hurekodi limefika likiwa katika sehemu gani ya mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Sehemu hiyo ya mzunguko ndiyo awamu, na kazi yote ninayoieleza hapa imesimama juu yake.

Siku 12 baadaye setilaiti hupita tena njia ileile. Kama ardhi imekaa pale pale, awamu nayo itakuwa pale pale. Kama imeshuka, wimbi limesafiri mbali zaidi kwenda na kurudi, na awamu itakuwa imebadilika. Ardhi ikisogea sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kwenda mbali nayo, safari nzima imebadilika kwa wimbi moja kamili na awamu inaanza upya. Ni sawa na kusoma saa iliyobaki na mshale wa dakika peke yake: unaona ni dakika ya ishirini, lakini ya saa ngapi, mshale hausemi. Kwa hiyo unaanzia mahali unapojua hapajasogea, kisha unahesabu mikanda ya rangi kwenye ramani, mmoja baada ya mwingine, kila mkanda sentimita 2.8. Ramani hiyo huitwa interferogramu, na mbinu nzima wataalamu huifupisha kwa jina la InSAR.

Dunia iliiamini mbinu hii baada ya tetemeko la Landers, katika jangwa la California, tarehe 28 Juni 1992. Watafiti wa Ufaransa walilinganisha picha za setilaiti ya ERS-1 za kabla na baada ya tetemeko, wakapata mikanda iliyozunguka ufa wote. Sisi zamu yetu ilikuja mwaka 2009, mtafiti Juliet Biggs na wenzake walipochapisha vipimo vya volkano zetu wenyewe. Suswa na Menengai zilikuwa zimeshuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Longonot, ule mlima ambao wanafunzi wa Nairobi huupanda kwa ziara za shule, ulikuwa umeinuka sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006. Paka, huko Baringo, iliinuka takribani sentimita 21 kati ya 2006 na 2007. Milima iliyodhaniwa imelala ilikuwa ikipanda na kushuka, na wanaolima na kuchunga miguuni mwake hawakuhisi chochote.

Halafu kuna Julai 2007, ambayo Nairobi yote inaikumbuka. Majengo marefu ya mjini yaliyumba, watu wakateremka ngazi mbio hadi barabarani, na mitikisiko ikawa inarudi siku baada ya siku. Chanzo kilikuwa upande wa Tanzania, karibu na mlima Gelai na ziwa Natron, ambako tetemeko la tarehe 17 lilifikia ukubwa wa 5.9. Picha za rada zilionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza katika mwamba kama ukuta uliosimama wima, ardhi ya juu ikafunguka na kushuka. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi thamani ya kazi hii kwetu. Sisi tulihisi mtikisiko, rada ikatuambia kilichoutikisa.

Sasa tazama mahali ambapo mafanikio hayo yote yalipatikana. Jangwa. Lava tupu. Nyika kavu ya vichaka vichache. Hapo jiwe la leo ndilo jiwe la wiki mbili zijazo, na wimbi likirudi linakuta kila kitu mahali pake. Shamba halina tabia hiyo.

Picha ya rada imegawanyika katika vipande, na kipande kimoja cha Sentinel-1 ni karibu mita 5 kwa 20 ardhini. Ndani yake kuna mabonge ya udongo, mabua, majani, mawe, kigingi cha uzio. Kila kimoja kinarudisha wimbi lake dogo, na kinachofika angani ni jumla ya yote. Vikikaa katika mpangilio uleule, jumla ya leo inaweza kulinganishwa na jumla ya siku 12 zilizopita. Kuna kipimo cha jinsi picha mbili zinavyofanana kwa namna hii. Mimi hukiita mshikamano. Kwenye paa la mabati mshikamano unaweza kudumu miaka. Kwenye mahindi yanayopanda hadi kiunoni, siku 12 zinatosha kuuvunja kabisa. Wimbi la sentimita 5.6 halipenyi mahindi yaliyoshonana. Hugonga majani na kurudi, na majani yamepeperushwa na upepo tangu jana, yameongezeka, mengine yameliwa na viwavi. Unapotoa picha moja kwenye nyingine, kinachobaki ni chenga za rangi zisizo na maana yoyote.

Jembe ni baya zaidi. Trekta likipita kati ya picha mbili, udongo uliokuwa juu uko chini, tuta limekuwa mfereji, na hakuna hesabu ya kompyuta inayoweza kurudisha kilichopotea. Palizi ni vilevile, kwa kiasi kidogo. Mavuno ni vilevile. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea mambo yanakwenda upande mwingine. Majaruba yakifurikishwa maji, wimbi huteleza juu ya maji kama kwenye kioo na kwenda zake, na picha inakuwa nyeusi. Mpunga ukichipua na kunenepa, wimbi linaruka kati ya maji na mashina, na picha inang'aa. Kwa kujua nani amepanda lini na wapi, hiyo ni zana nzuri sana. Kwa kujua kama ardhi iliyo chini ya mpunga inashuka, haikusaidii. Watu wengi huchanganya kazi hizi mbili na kudhani kwamba setilaiti inayoona mazao inaona pia ardhi iliyo chini ya mazao.

Lakini linaloninyima usingizi ni unyevu. Udongo mkavu huruhusu wimbi lizame kidogo kabla ya kurudi. Udongo uliolowa hulirudisha kutoka juu. Kwa hiyo ukimwagilia shamba jioni, asubuhi yake awamu imebadilika ingawa hakuna chembe ya ardhi iliyopanda wala kushuka. Mwaka 2021 watafiti wa Shirika la Anga la Ujerumani, DLR, walionyesha jambo ambalo kila anayefanya kazi hii anapaswa kulibandika ukutani. Ukiunganisha mnyororo mrefu wa jozi za picha za siku chache chache, kosa dogo la unyevu na mimea halijifuti. Linajilimbikiza. Mwishoni unapata mstari ulionyooka vizuri, unaosema shamba linashuka milimita kadhaa kila mwaka, na mstari huo ni uongo. Ramani yenye chenga angalau inakuonya. Hii ya pili inatulia, inapendeza, inaingia kwenye ripoti.

Mvuke wa hewani nao huchelewesha mawimbi na kuleta milima isiyokuwepo, hasa kwetu wa ukanda wa joto. Huo una dawa zake, kwa kuwa haukai mahali pamoja: ukiwa na picha za kutosha, wastani wake unapungua.

Watu wa Ulaya wana huduma ya ramani ya bara lao zima, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, bure, yenye mabilioni ya nukta za kipimo. Ifungue uvute karibu. Mijini nukta zimesongamana hadi huoni barabara. Ukitoka nje ya mji, zinafuata reli, maghala, nyumba za wakulima, kisha zinakoma. Mashamba yenyewe ni meupe. Yaani hata wenye setilaiti, fedha na kompyuta, chakula chao kinatoka kwenye mapengo ya ramani.

Na si kwamba mashamba hayasogei. Mashamba ni baadhi ya maeneo yanayotitia kwa kasi kubwa zaidi duniani, na mara nyingi chanzo ni kisima. Katika bonde la San Joaquin, California, kuna picha maarufu ya mwaka 1977: mtaalamu Joseph Poland amesimama kando ya nguzo karibu na Mendota, na juu kabisa ya nguzo hiyo kimebandikwa kibao cha 1925. Hapo ndipo usawa wa ardhi ulipokuwa. Karibu mita 9 juu ya ardhi aliyosimama. Chini ya bonde lile kuna matabaka ya udongo laini ambayo maji yake yalisaidia kubeba uzito wa juu. Maji yalipovutwa kwa ajili ya kilimo, chembe za udongo zikabanana, na zikishabanana hivyo haziachani tena hata mvua ikirudi. Wakati wa ukame wa mwaka 2014, rada ilionyesha eneo la karibu na Corcoran likishuka sentimita 33 kwa miezi minane. Mfereji mkuu unaopeleka maji kusini ulititia nao. Mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria ya kusimamia maji ya chini ya ardhi, na leo ramani za rada za kutitia kwa ardhi huchapishwa hadharani ili mkulima na msimamizi wasome karatasi moja. Iran, katika tambarare ya kusini-magharibi mwa Tehran, kuna sehemu zimepimwa zikishuka hadi sentimita 25 kwa mwaka.

Nilikuwa nikizisoma habari hizi kama mambo ya mbali hadi Shangazi aliponipigia simu.

Analima vitunguu na nyanya upande wa Isinya, kwenye tambarare ya Athi, na mahindi kidogo kwa ajili ya nyumbani. Maji anayapata kwa kisima kirefu cha mashine, na mipira ya matone hutambaa kwenye kila tuta. Alisema, "Mwanangu, njoo uone. Ama kisima kinapanda, ama shamba linashuka." Nikaenda. Bomba la chuma la kisima lilikuwa limeachana na zege lililolizunguka. Ungeweza kuingiza vidole vinne katika mwanya ule. Zege lenyewe lilikuwa na ufa, na upande mmoja wake ulikuwa umelala chini kuliko mwingine. Jirani alikuwa amemwambia ni pampu inayoivuta nchi. Shangazi alikuwa ameshapeleka picha za nyufa hizo katika ofisi moja, akaambiwa asubiri, akasubiri.

Nilielewa hofu yake, kwa kuwa bomba la kisima linaloonekana kuinuka ni dalili halisi ya ardhi kutitia. Huko California ni jambo la kawaida kabisa. Lakini Isinya ina jambo lake lingine, nalo ni udongo mweusi. Mwenyeji yeyote wa Nairobi anaujua mpaka wake bila ramani. Kiambu na Westlands udongo ni mwekundu na nyumba inatulia. Ukishuka Embakasi, Mlolongo, Kitengela, unakutana na ule mweusi unaong'ang'ania gambuti wakati wa mvua, na kiangazi unapasuka hadi mbuzi mdogo anavunjika mguu. Udongo huo ukinywa maji hufura, ukikauka husinyaa. Hupanda na kushuka kila mwaka bila kisima wala magma. Kwa hiyo mwanya ule kando ya bomba ungeweza kuwa kiangazi tu, na ungeweza kuwa kisima. Macho hayatofautishi. Rada inaweza, kwa masharti.

Niliporudi mjini nikafungua picha za eneo lile. Shamba lenyewe lilikuwa chenga, kama nilivyotarajia. Nukta mbili ndizo zilizotulia: paa la mabati la ghala la vitunguu na mnara wa chuma wa tangi. Na nukta hizo mbili hazikukubaliana. Paa lilipanda na kushuka kwa misimu, mnara ukakaa karibu pale pale. Nikampigia kuuliza misingi yao. Ghala limejengwa juu ya zege la juujuu, kwa haraka, mwaka ambao bei ya vitunguu ilikuwa nzuri. Mnara aliujenga marehemu mumewe, na yeye alichimba hadi mwamba. Basi paa lilikuwa linaeleza habari za udongo, mnara unaeleza habari za mwamba, na rada ilikuwa ikisikia yote mawili kwa wakati mmoja. Nisingejua hilo kwa kukaa mbele ya kompyuta.

Hapo ndipo nilipokwenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, na karatasi yenye vipimo. Nilitaka viakisi viwili vya rada: bati tatu za alumini, kila moja mita moja, zikutane kwenye kona kama pembe ya ndani ya sanduku. Wimbi likiingia humo hugonga kuta tatu na kurudi lilikotoka kwa nguvu kubwa. Fundi aliisoma karatasi, akauliza swali moja tu: "Hizi kona zikikosea kidogo, itakubali?" Nikamwambia digrii moja tu ni kosa. Akaweka pembeni bati alizokuwa amezikata, akaazima skwea ya jirani, akaanza upya, na hakuachia kona hata moja kabla ya kuipima pande zote mbili. Akatoboa na matundu madogo kila mahali, madogo kabisa kuliko wimbi, ili mvua ishuke na upepo upite huku rada ikiona bati zima.

Kimoja tulikisimika juu ya nguzo iliyochimbiwa hadi kwenye mwamba. Cha pili tukakiweka juu ya zege jembamba lililokaa juu ya udongo. Viliangalia mashariki kidogo kusini, kwa kuwa katika njia ile setilaiti hupita karibu na macheo ikishuka kuelekea kusini na kutazama magharibi. Shangazi alivizungushia miiba mbuzi wasilale humo. Mvua za vuli zilipoingia, kiakisi cha udongo kikaanza kuinuka. Cha nguzo hakikuinuka. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo kufura kwa udongo, peke yake, bila mvuke wa hewani, kwa kuwa vyote viko chini ya hewa ileile. Kinachobaki kwenye kile cha nguzo, kikiendelea kushuka mwaka hadi mwaka, hicho ndicho cha kuogopa. Kwa ugumu wa miamba ya volkano iliyo chini ya tambarare ile, sitarajii mambo ya California. Lakini kutotarajia hakutoshi kumjibu mtu aliyechimba kisima kwa akiba yake ya maisha.

Na sasa daftari. Shangazi huandika kila kitu kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la shule la kurasa 200: tarehe ya kulima, ya kupanda, ya kufungua maji na kufunga, gunia ngapi zimekwenda soko la Kitengela na kwa bei gani. Niliomba nilipige picha. Nilipoweka tarehe zake kando ya mstari wa mshikamano, mstari ule ukaanza kueleweka. Kila ulipoporomoka ghafla palikuwa na trekta. Kila awamu ilipoyumba bila mshikamano kuvunjika, palikuwa na maji yaliyofunguliwa siku moja au mbili kabla. Na baada ya mavuno, shamba likiwa tupu na kavu, kulikuwa na majuma kadhaa ambapo udongo wenyewe, katikati ya shamba, ulishika vizuri na kupimika. Nilizichagua jozi za picha kutoka majuma hayo, nikaziacha zile za siku za maji, na kwa mara ya kwanza nikapata kipimo cha shamba ninachoweza kukitetea mbele ya mtu.

Hili ndilo ninaloliamini, na ningependa walio katika kazi hii walifikirie. Kwenye mlima, rada na kompyuta vinatosha. Kwenye shamba, mkulima ni sehemu ya chombo cha kupimia. Anayejua siku ya jembe na siku ya maji ni yeye, na bila tarehe hizo tunatengeneza ramani nzuri za unyevu na kuziita ramani za kutitia. Miradi ya kupima mashamba huanza kwa kununua picha na mashine, na mkulima huitwa siku ya mwisho kuonyeshwa matokeo yake. Ningeigeuza. Ningeanza na daftari.

Zana haziko mbali. Data za Sentinel-1, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, ni za bure. Programu ya SNAP ya kuchakata picha hizo ni ya bure. Faili moja ya picha ni gigabaiti kadhaa, na hilo kwa bando za hapa ni mzigo, lakini kituo cha Alaska kinachohifadhi data hizo kitakuchakatia jozi yako huko huko kwenye mashine zao, bila malipo, nawe upakue matokeo tu. Kundi la watafiti la COMET, la Uingereza, linachapisha interferogramu za Bonde la Ufa zikiwa tayari. Hapa kwetu kuna RCMRD pale Kasarani, kituo cha ramani cha kanda kilichoanzishwa mwaka 1975. Kuna Shirika la Anga la Kenya. Kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete, wanaojua udongo wetu. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Nchi yenye historia hiyo haina haja ya kungoja wengine waje kupima vitunguu vyake.

Tarehe 30 Julai 2025 ilirushwa NISAR, ya Marekani na India, yenye wimbi refu la sentimita 24. Wimbi la urefu huo hupita katikati ya majani na kugusa chini mahali ambapo lile la sentimita 5.6 lingekwama, na data zake nazo ni za bure. Litapunguza chenga kwenye mahindi. Halitaondoa jembe, wala halitaondoa maji. Wimbi refu huzama zaidi kwenye udongo mkavu, kwa hiyo unyevu utaendelea kutudanganya kwa namna yake. Haja ya tarehe haitaisha.

Kama unalima Isinya, Kitengela, Athi River au popote kwenye udongo mweusi na una kisima, andika siku unayolima, siku unayofungua maji na siku unayofunga, siku unayovuna. Usihamishe tangi wala kubadilisha bati za ghala bila kuandika tarehe. Na andika kina cha maji kisimani, mara moja kwa wiki, pampu ikiwa imepumzika usiku kucha, kwa kamba yenye uzito mwishoni na futi ya kushonea. Shangazi ameongeza safu hiyo kwenye daftari lake baada ya kuniuliza ni ya nini, nami nikamweleza: udongo ukifura au kusinyaa, kina cha maji kisimani hakihusiki, lakini siku kiakisi cha nguzo kitakaposhuka pamoja na maji ya kisima, tutakuwa na karatasi ya kupeleka ile ofisi, na safari hii itakuwa na namba.